Tovuti ya duka: ukodi kiolezo au umwite fundi?

Mfanyabiashara anayetaka tovuti ya kuuzia bidhaa hukutana na wauzaji wa aina mbili. Wapo wenye majukwaa ya violezo, kama vile Wix, Squarespace na Shopify, wanaokukodishia duka lililokwisha kupangwa, nawe ukabaki na kazi ya kuweka picha, bei na maelezo. Wapo pia mafundi, yaani wanaprogramu wa hapa nchini, wanaoahidi kukujengea tovuti yako tangu msingi. Katikati kuna WordPress, ya kujengea tovuti, na mwenzake WooCommerce, anayeiongezea duka: programu huria ambazo unazipakua bure na kuziweka kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti, unayoilipia mwenyewe. Nimezipima njia hizi kwa kazi moja mahsusi: duka la leso, yaani kanga, la Biashara Street, Mombasa, linalouza rejareja kwa doti na jumla kwa korja, na ambalo wateja wake karibu wote hulipa kwa M-Pesa. Nimechagua kazi hiyo kwa sababu tathmini nyingi zilizopo zimeandikwa kwa ajili ya muuzaji wa Marekani anayelipwa kwa kadi, na ushauri wake humpwaya mwenye duka wa pwani.

Shopify ndiyo iliyonifurahisha mapema zaidi. Ilianza mwaka 2006 nchini Kanada, baada ya waanzilishi wake kukosa programu ya kuridhisha ya kuendeshea duka lao la vifaa vya kuteleza kwenye theluji, na hadi leo dashibodi yake inaonyesha kuwa walioibuni walikuwa na shehena ya kuuza. Mteja wa leso mara nyingi haanzi na rangi wala maua ya mji, yaani sehemu ya katikati ya leso. Huanza na jina, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, kwa kuwa ndiyo ujumbe anaotaka kumfikishia shoga, mkwe au jirani. Nilipoyaweka maneno hayo kuwa kichwa cha kila bidhaa, kisanduku cha kutafutia kiliyapata hata pale nilipoandika maneno mawili tu ya katikati. Picha nazo hupunguzwa uzito bila wewe kugusa chochote, jambo ambalo mteja anayefungua tovuti kwa simu ya bei nafuu na vifurushi vya siku atalihisi mara moja. Fundi akikuahidi kuyajenga yote haya kwa mkono, unamlipa kwa kazi ambayo wengine walikwisha kuifanya vizuri.

Furaha yangu iliishia kwenye ukurasa wa malipo. Huduma ya malipo ya Shopify yenyewe haipatikani kwa maduka ya Kenya wala Tanzania, hivyo ni lazima utumie lango la malipo la kampuni nyingine, na ukifanya hivyo katika kifurushi cha Basic, Shopify inakutoza asilimia 2 ya kila mauzo. Kwa leso ya shilingi 1,000, shilingi 20 zinakwenda kwa mwenye jukwaa kabla ya kuhesabu ada ya lango lenyewe, na katika biashara ya leso, ambamo faida ya jumla ni nyembamba, hizo si fedha za kupuuza. Njia ya kuikwepa ada hiyo ipo na maduka mengi huitumia: unaandika namba ya till, ile ya kupokelea M-Pesa dukani, kama maelekezo ya malipo ya mkono, mteja analipa kwa simu yake, kisha mhudumu analinganisha oda na ujumbe ulioingia. Kwa oda chache kwa siku, mpango huo unatosha kabisa. Inapokaribia Idi, oda zikawa zinagongana na wanunuzi waliosimama mbele ya kaunta, mhudumu huyohuyo ataanza kuziamini picha za ujumbe anazotumiwa na wateja, nazo jumbe za M-Pesa za kughushi si habari ngeni kwa mwenye duka yeyote.

Squarespace niliiacha haraka kwa sababu hiyohiyo ya malipo, ingawa violezo vyake ndivyo vizuri kuliko vyote kwa macho. Wix ni rahisi kuliko zote kujifunza, lakini kifurushi chake cha bure hubandika matangazo ya Wix kwenye tovuti yako. Ukishajenga juu ya kiolezo kimoja huwezi kuhamia kingine bila kuanza tovuti mpya. Na tovuti yenyewe haiwezi kuhamishiwa kwenye seva ya mtu mwingine. Kwa saluni, karakana au zahanati inayohitaji tu kuonyesha mahali ilipo, saa za kazi na namba ya WhatsApp, hakuna ubaya wowote katika kasoro hizo, na ningemshauri mwenye nayo alipie kifurushi kidogo cha Wix asimsumbue fundi.

Kilicholitenga duka la leso na mfano wa kawaida ni korja. Korja moja ni doti ishirini, na mwenye duka hutaka akiuza korja moja, akiba ipungue doti ishirini, na akiuza doti moja, aone kwamba korja ile sasa imevunjwa. Katika Shopify, doti na korja ukiziweka kama aina mbili za bidhaa moja, kila moja huhesabiwa peke yake, kwa hiyo jukwaa litaendelea kutangaza kuwa korja ipo ilhali nusu yake imeuzwa rejareja. Zipo programu za nyongeza za kutatua hilo, lakini nyingi hulipiwa kila mwezi kwa dola. Katika WooCommerce nako hesabu hiyo haiji yenyewe; tofauti ni kwamba msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi, na mwanaprogramu anayeijua kazi yake anaweza kuandika programu-jalizi ndogo (plugin), yaani kipande cha kuchomeka juu ya programu kubwa, inayofanya hesabu hiyo tu.

Malipo nayo yana njia katika WooCommerce. Tangu mwaka 2017 Safaricom imewafungulia wanaprogramu mfumo wake wa Daraja, ambao huiwezesha tovuti kumtumia mteja ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu. Anachofanya yeye ni kuingiza namba yake ya siri. Baada ya hapo Safaricom hutuma jibu kwenye anwani maalumu ya seva yako, na jibu hilo ndilo linalogeuza oda kuwa imelipwa. Hapa ndipo ubora wa fundi unapopimika. Nilijaribu programu-jalizi moja iliyokuwa tayari, nikalipa shilingi 10: simu ilithibitisha malipo, ilhali ukurasa wa tovuti uliendelea kuzunguka na oda ikabaki inasubiri. Ulinzi wa seva ulikuwa umelizuia lile jibu, na programu-jalizi haikuwa imeandikwa kuuliza tena, ingawa Daraja inayo njia ya kuulizia hali ya muamala. Kwa hiyo, kabla hujampa mtu kazi ya malipo, mwulize jibu likipotea njiani tovuti yake itafanya nini. Kwa duka la Tanzania, ambako wateja wamegawanyika kati ya M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa, ni nafuu kupitia kampuni inayokusanya mitandao yote, kama Selcom au Pesapal, kuliko kumlipa fundi aunganishe kila mtandao kivyake.

Hukumu yangu kwa duka hili, basi, ni WordPress na WooCommerce kwa kiolezo cha kawaida kisichoguswa, na fundi alipwe kwa mambo mawili pekee: malipo na korja. Seva na jina la .co.ke hulipiwa hapahapa kwa shilingi, nalo si jambo dogo kwa aliyekuwa akilipia huduma kwa dola mwezi Januari 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, kabla ya kurudi karibu 130 mwaka huohuo. Kasoro yake ni matunzo. Udhaifu mwingi wa usalama katika WordPress hutokana na programu-jalizi, hasa zisizosasishwa, na Shopify hukuondolea mzigo huo kabisa. Mwenye duka asiye na mtu wa kuisasisha tovuti kila mwezi na kuhifadhi nakala rudufu ni heri avumilie ile asilimia 2.

Tovuti ya kujengwa tangu msingi ningeipendekeza pale tu ambapo biashara yenyewe haifanani na duka: msambazaji wa gesi anayewakopesha wenye maduka na kutaka madeni, njia za magari na ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, vikae mahali pamoja, kwa mfano. Hata hapo, mkataba una uzito kuliko lugha ya programu aliyoichagua fundi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine, lakini sheria haikupi nywila ya seva. Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara, msimbo uwekwe kwenye akaunti yake, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka fundi wa pili, asiyehusika na kazi hiyo, aweze kuisimamisha tovuti nzima kwenye seva nyingine kwa kutumia nakala rudufu na maelezo aliyoachiwa.