Ndoo ya lita mbili ya vanila: nilichokikuta kwenye lebo na kwenye mzani

Mama yangu ana miaka 67, na huu ni mwaka wa tisa anaishi na kisukari aina ya pili. Sukari kwenye chai aliacha siku ileile alipoambiwa na daktari. Ugali amepunguza, soda hagusi. Kilichobaki ni bakuli la aiskrimu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na mimi ndiye ninayemnunulia. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nachukua ndoo ileile ya lita mbili, shilingi 14,000, bila kuigeuza nione kilichoandikwa nyuma. Mwezi uliopita muuguzi wa kliniki aliniuliza, "Huwa anakula kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaitoa ndoo kwenye friza nikaanza kuisoma.

La kwanza kunishtua lilikuwa jina. Kwenye mfuniko kuna picha ya vanila na maziwa yanayomiminika, lakini maandishi madogo yanasema ni kitindamlo cha kugandishwa chenye mafuta ya mimea. Neno aiskrimu halipo popote. Orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, inaanza na maji, kisha sukari, mafuta ya nazi, unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta, halafu sirapu ya glukosi. Nchini Marekani sheria inataka angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa ndipo kitu kiuzwe kwa jina la aiskrimu. Hii yangu haina mafuta ya maziwa kabisa. Si sumu, na mama anaipenda, ila nilikuwa naamini namlisha maziwa.

La pili ndilo ninalotaka kila mwenye mgonjwa nyumbani alielewe. Jedwali la lishe limeandikwa kwa kila mililita 100: kilokalori 98, mafuta gramu 5, sukari gramu 11, protini gramu 1.6. Nikaona mbona nafuu, maana nilikuwa nimezoea kusikia aiskrimu ya vanila ina kilokalori kama 200 kwa gramu 100. Mimi napika keki za oda, kwa hiyo mzani ninao. Nikaiweka ndoo ikiwa haijafunguliwa, na baadaye nikapima ndoo tupu. Lita mbili nzima zilikuwa na uzito wa gramu 1,010. Lita mbili za maziwa zingepita kilo mbili! Nusu ya ile ndoo ni hewa, inayopigwa ndani wakati mchanganyiko unagandishwa. Bila hewa ungekuwa unatafuna jiwe la barafu, kwa hiyo lazima iwepo. Tatizo ni kwamba lebo ikihesabu kwa mililita, hewa nayo inahesabiwa kama chakula. Ukigeuza hesabu iwe kwa uzito, zile kilokalori 98 zinakuwa 194 kwa gramu 100, na sukari gramu 11 inakuwa karibu 22. Ni aiskrimu ileile ya siku zote.

Nilijaribu pia kuiyeyusha. Nilijaza kikombe cha chai nikakiacha juu ya meza usiku. Saa moja baadaye donge lilikuwa bado limesimama kama sponji, na chini yake kumetoka maji meupe. Asubuhi nilipokoroga povu likatoka, kilichobaki hakikufika katikati ya kikombe.

Jumapili iliyofuata nikampakulia mama kama kawaida, bila kubana mkono, kisha nikaweka bakuli kwenye mzani. Gramu 152. Hizo ni kilokalori 295 na sukari gramu 33, sawa na vijiko vya chai vinane vilivyosawazishwa. Sehemu ndogo ni sukari asilia ya maziwa, lakini nyingine yote imeongezwa kiwandani. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Mama yangu hali hata hizo 2,000. Kabla ya chakula kipimo chake cha sukari ya damu kilisoma 7.1 (milimoli kwa lita), saa mbili baadaye 11.6.

Mtu wa dukani aliponiona nasomasoma ndoo aliniambia, "Dada, hiyo ina kalsiamu, nzuri kwa mifupa ya wazee." Kalsiamu ipo kweli kwenye aiskrimu ya maziwa: gramu 100 zina miligramu kama 128, sawa na maziwa au zaidi kidogo. Lakini ili mama apate kalsiamu ya glasi moja ya maziwa angekula zaidi ya gramu 220, na kilokalori zingekuwa 450 na ushei. Glasi ya maziwa ina 150 hivi. Nikitaka mifupa, nitanunua mtindi.

Nilijaribu ndoo nyingine mbili. Ile ya "bila sukari" sitairudia: imetiwa utamu wa maltitoli, ambayo nayo hupandisha sukari ya damu, ila kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya kawaida, na ukila nyingi inaharibu tumbo. Mama hakulala vizuri usiku ule. Ya pili ni kopo dogo la nusu lita kutoka nje, ghali karibu mara mbili ya ndoo yangu. Viambato ni vichache: krimu, maziwa, sukari, viini vya mayai, vanila. Ladha yake inakaa mdomoni, huhitaji nyingi. Lakini haina hewa nyingi. Kopo lilikuwa na gramu 430. Upawa uleule mmoja una kilokalori zinazokaribia mara mbili za ile ya bei rahisi. Kwa hiyo anayepakua kwa macho, ile nzuri ndiyo itakayomdhuru haraka zaidi.

Sasa tunafanya hivi. Naendelea kununua ya lita mbili kwa ajili ya watoto, na ya mama ni lile kopo la krimu, gramu 50, baada ya chakula, na siku hiyo wali wake napunguza. Mafuta yake huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo sukari hupanda polepole, ila ni mafuta mengi na moyo wake nao tunauangalia, ndiyo maana haivuki Jumapili. Jumapili mbili zilizopita kipimo cha saa mbili kilikuwa 8.6 na 8.4. Nimeandika kwa kalamu ya wino juu ya mfuniko: g 50. Juzi nilichelewa kurudi, nikakuta ameshapakua mwenyewe, bakuli likiwa bado juu ya mzani. Lilisoma 48.