TAHADHARI: Kompyuta za gemu "i7 12th Gen, RTX 3060" zinazouzwa Kampala kwa milioni 3.8

Wadau, salaam. Kama uko Kampala na unatafuta kompyuta ya gemu, soma hii kabla hujatuma hata shilingi mia. Kuna jamaa anauza mashine ambazo ndani si zile anazozitangaza. Nimezifungua mbili mwenyewe. Moja ni ya mpwa wangu, mwanafunzi anayekaa Kansanga; nyingine ililetwa na mwenzake wa darasa baada ya kusikia yaliyotokea.

Jina la jamaa silitaji, maana hubadilika kila anapobadilisha laini. Duka nalo si lake. Anaazima kaunta kwenye jengo lolote la maduka katikati ya mji, mnakutana hapo, na kesho ukirudi mwenye kaunta anakwambia hamjui. Ila mbinu zake hazibadiliki, kwa hiyo nazieleza.

Kwanza, Kiswahili chake ni kizuri, na anawalenga Waswahili makusudi: wanafunzi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, na sisi tuliohamia hapa mjini. Mgeni asiyejua Luganda anaogopa kupunjwa sokoni, akimpata mtu anayemwita "kaka" na kumwambia "hapa mjini watakuibia, njoo kwangu", moyo unatulia.

Tangazo linapita kwenye TikTok na magrupu ya WhatsApp. Picha ni ya kasha jeusi lenye kioo ubavuni, feni zinawaka rangi zote. Maandishi: Core i7 12th Gen, RTX 3060 12GB, RAM 32GB, SSD 1TB, pawa saplai 750W Gold, UK used. Bei milioni 3.8. Kwa lugha rahisi: i7 12th Gen ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 12, RTX 3060 ni kadi ya grafiki ya NVIDIA inayochora picha za gemu, pawa saplai ni kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, na UK used ni mtumba wa Uingereza. Angalieni alivyoipanga hiyo bei. Angesema milioni moja na nusu kila mtu angeshtuka. Kwa 3.8 unadhani umepata nafuu ya mtumba tu, basi.

Halafu anaomba arubuni ya laki tatu kwa Mobile Money ili "akushikie", kwa sababu siku zote kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Entebbe. Ukishatuma umeshajifunga. Siku ya kuchukua mashine anaiwasha, anafungua Properties ya Windows, unasoma i7-12700. Anafungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vya mashine, unasoma RTX 3060. Anacheza video ya gemu inayokwenda laini kabisa, na ni video kweli, si gemu. Ukiomba kujaribu gemu lako, intaneti haipo. Mpwa wangu alipong'ang'ania, umeme "ukakatika", na Kampala nani atabisha umeme ukikatika? Duka la jirani lilikuwa linawaka taa. Ukiomba kufungua kifuniko, waranti itakufa. Waranti yenyewe ni ya miaka mitatu, imeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi kisicho na TIN (namba ya mlipakodi).

Sasa ya ndani.

Jina la kadi ya grafiki unaloliona kwenye Device Manager ni maandishi tu yaliyohifadhiwa kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake. Mwenye haki za msimamizi wa mashine anayabadilisha kwa dakika moja. Akitaka aandike RTX 5090, itaandika RTX 5090. Jina la prosesa nalo liko kwenye rejista, ila Windows hulisoma upya kila inapowaka, kwa hiyo jamaa aliweka programu ndogo ya kuliandika tena kila mara. Nilipoifuta hiyo programu na kuwasha upya, ukweli ukatoka: i7-4770, prosesa ya mwaka 2013. Nikaendesha GPU-Z, programu ambayo huisoma chipu yenyewe, ikatoa GTX 1060 ya 3GB. Hiyo ni kadi ya 2016 yenye kori (vitengo vya kukokotoa) 1,152. RTX 3060 ya 12GB ina kori 3,584.

RAM ndiyo pekee aliyosema kweli, ni 32GB. Lakini ni DDR3, aina ya zamani! Prosesa ya kizazi cha 12 ya Intel hutumia DDR4 au DDR5, haishiki DDR3 kabisa. Madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ni ya kompyuta ya ofisi, imetolewa kwenye kasha lake la asili na kufungwa kwenye hilo la kioo. Plagi yake ya umeme si ya kawaida, kwa hiyo kaweka waya wa kubadilishia. SSD inasema 1TB. Nilipoijaza kwa H2testw, programu inayojaza diski kisha kuhakiki data, baada ya gigabaiti mia na kitu data ikaanza kuharibika. Hapo dukani ni vigumu kujua, kwa sababu nusu saa ya majaribio haitoshi kuijaza yote. Ungejua baada ya miezi, siku faili zako za shule zinakataa kufunguka.

Hayo yote ni wizi wa pesa. La pawa saplai ni baya zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Stika ya juu ilisema 750W Gold. Niliikwangua, chini yake kuna lebo ya zamani: kwenye njia ya volti 12, ampea 18. Zidisha mwenyewe: 12 mara 18 ni wati 216. Njia hiyo ya volti 12 ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya grafiki, ndiyo ya kuangalia, siyo namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi. Pawa saplai ya kweli ya wati 750 itakuonyesha ampea 60 hivi. RTX 3060 halisi peke yake inaweza kula wati 170, na NVIDIA wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa mashine nzima. Maana yake kijana akija kugundua kadi ni feki, akanunua RTX ya kweli na kuichomeka humo, anaweza kuchoma kila kitu. Na umeme wetu mnaujua, unakatika, unarudi na kishindo, volti inapanda na kushuka. Pawa saplai nzuri hujizima ikizidiwa. Ya ovyo ikifa inaweza kufa na madabodi, na mara nyingine na diski. Mashine ya pili niliyoletewa ilikuwa tayari inanuka kuungua karibu na plagi.

Halafu, hata ingekuwa Gold kweli, Gold ya 80 Plus ni daraja la ufanisi, yaani kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Haikwambii itadumu miaka mingapi. Wauzaji wengi hapa mjini, hata waaminifu, hawajui hilo.

Kwa hiyo ukienda kununua, kwa huyu au kwa yeyote, nenda na flashi yako yenye CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo na H2testw. Yako, usitumie zilizomo kwenye mashine yake. CPU-Z, kwenye Memory, itakuonyesha aina ya RAM, na mara nyingi hapo uongo wote unaanguka. GPU-Z huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ikitambua kwamba BIOS ya kadi (programu ya msingi iliyomo ndani yake) imechezewa. Uwezo huo uliwekwa 2018, kwa hiyo beba toleo jipya. CrystalDiskInfo hutoa saa ambazo diski imefanya kazi. Kifuniko kifunguliwe, upige picha lebo ya pawa saplai. Akikataa kufungua, ondoka. Hakuna cha kujadili hapo.

Arubuni usitume kabla ya kuona. Ukilipa kwa Mobile Money, jina linalotokea kwenye simu lilinganishe na jina kwenye risiti. Laini za Uganda husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo jina hilo lina thamani baadaye. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya ndugu yangu", hapo pana jambo. Risiti ya EFRIS, yaani risiti ya kielektroniki ya kodi, ni bora zaidi, inahakikiwa kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Si kila duka dogo linayo, lakini anayejiita kampuni na kukupa waranti ya miaka mitatu akikosa hata TIN, waranti hiyo ni hewa.

Kuna ujanja mwingine ambao si wa huyu jamaa lakini nauona sana. Kadi ya grafiki ya AMD, RX 580, yenye maandishi 2048SP si RX 580 ile ya 2017 iliyokuwa na kori 2,304. Kwa kori ni sawa na RX 570, na bei iwe ya 570. Kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni zilijaa sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Si zote mbaya, ila feni na pedi za joto zikaguliwe. Na ukiuziwa Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza kama BIOS ya madabodi ilisasishwa. Prosesa hizo zilikuwa na kasoro ya volti, Intel walitoa marekebisho 2024, ila chipu iliyokwisha kuharibika haiponi kwa sasisho.

Wanaotaka mashine ya kudumu, maana najua swali litakuja: anza na pawa saplai, usiiache iwe ya mwisho kwa chenji iliyobaki. Soketi (mahali prosesa inapochomekwa) ya AM5 ya AMD ni chaguo salama kwa sasa, wenyewe wamesema wataiunga mkono mpaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo utabadilisha prosesa bila kutupa madabodi. Kadi ya grafiki tafuta ya 12GB kwenda juu, 16GB ukiweza. 8GB inabana kwenye gemu mpya. Kadi za GTX 10, kama hiyo 1060 aliyouziwa mpwa wangu, NVIDIA waliacha kuzitolea draiva za gemu mpya Oktoba 2025. Windows 10 nayo msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu Intel zote za kabla ya kizazi cha 8, ndiyo maana mashine za ofisi za zamani zimejaa mjini zikivalishwa taa. Taa za rangi ni bei rahisi sana, wadau. Weka hiyo pesa kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Kwa mliokwisha kuuziwa: msifute mazungumzo ya WhatsApp wala ujumbe wa Mobile Money. Msirudishe mashine kwake "aikague", mpwa wangu aliombwa hivyo na nikamkatalia. Andikisheni polisi mpate namba ya kumbukumbu. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, bila wakili. Milioni 3.8 inaingia humo vizuri.

Sisi tunapeleka. Mwenye jina la Mobile Money lililopokea pesa ya mpwa wangu tunalo, na ni tofauti na lile la mwenzake. Kama ulinunua kwa maelezo yanayofanana na haya, nitumie inbox picha ya lebo ya pawa saplai, skrini ya GPU-Z, na jina lililopokea pesa zako. Namba yako usiiweke kwenye komenti, maana jamaa naye yumo kwenye haya magrupu na anasoma.