Risaikobini ya OpenMediaVault kwenye diski ya familia, uzoefu wangu

Kwetu Chumbageni hapa Tanga tuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, imechomekwa hadidiski ya nje, ndani tumeweka OpenMediaVault, programu ya bure ya kushea faili kwenye mtandao wa nyumbani, kila mtu anaingia kwa wifi anatupia vitu vyake. Broo anaweka video za harusi anazopiga, bi mkubwa ana skani za hati ya kiwanja, watoto na katuni zao. Sasa kuna kitu wengi hawakijui, ukiwa kwenye Windows ukidiliti faili iliyo kwenye folda ya mtandao haiendi risaikobini ya laptopu yako, inafutika mazima. Inakuuliza tu una uhakika, mtu anabonyeza ndiyo, imeisha hiyo.

Dawa imo humohumo. Ingia kwenye mipangilio ya OpenMediaVault sehemu ya SMB, yaani njia ambayo kompyuta zinafungua folda za mtandao, fungua folda uliyoshea, washa risaikobini afu andika siku za kutunza, mi nimeweka 30, sevu, na ile tiki inayotokea juu ya kukubali mabadiliko lazima uibonyeze la sivyo hakuna kilichofanyika. Baada ya hapo kila kinachofutwa kinahamia folda iliyofichwa inaitwa .recycle, siku zikiisha kinasafishwa chenyewe.

Juzi broo kafuta folda nzima ya sendofu akijua keshaihamisha. Tukawasha kuonyesha faili zilizofichwa, tukaingia .recycle, humo folda yenye jina lake, kisha Harusi, klipu zote zimo na mpangilio wake uleule, tukakata tukapesti pale zilipokuwa. Aisee nilifurahi mno, ile kazi ya mteja hairudiwi! Ila mpe kila mtu akaunti yake, mkiingia wote kama wageni vitu vyenu vinachanganyika humo.

Nisichokipenda, hakuna kitufe cha kurudisha, unahamisha kwa mkono, na ukifuta video nafasi haiongezeki mpaka siku zifike au uifute mwenyewe humo .recycle, kwa diski ndogo utaumia. Halafu kuna sehemu ya kuweka ukubwa wa mwisho wa faili, kama una video usiiguse, kinachozidi hapo hakipiti risaikobini kinafutwa jumla. Na inakamata vinavyofutwa kupitia SMB tu, ukiingia kwa SSH, yaani kwa kuandika amri moja kwa moja kwenye Pi, ukapiga rm ambayo ni amri ya kufuta, ndo basi tena.

Kwangu inafaa sana na siizimi. Hati za bi mkubwa lakini nazikopi pia kwenye diski nyingine, maana hadidiski ikifa na .recycle inakufa nayo.