Mbwa mwenye mzio: kumwogesha kwa oti au kumpa mafuta ya samaki?

Mbwa anayelamba vidole mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu anateseka, na inauma kumtazama. Kwa kasi, oti hushinda: zisage ziwe unga laini, koroga kwenye maji ya uvuguvugu, mloweshe dakika 10. Muwasho hupoa siku hiyohiyo, ila hurudi baada ya siku chache, na kazi ya kumkausha ni yako. Mafuta ya samaki hayachoshi, unachanganya tu na chakula; lakini gharama haikomi, matokeo husubiri wiki 8 hivi, na ukizidisha ataharisha. Anajikuna usiku huu? Oti. Muwasho unarudi kila msimu? Mafuta, yaanze mapema. Ngozi ikinuka au kutoa usaha, daktari wa mifugo kwanza.