Vikombe vya majina ya Kiigbo hapa Dom: printi kali, maana zicheki mwenyewe

Kuna kasteshenari kamoja hapa Dodoma mjini, sitakataja, wanachapa jina la mtoto kwenye kikombe au fulana na maana yake chini kwa Kiswahili. Siku hizi yanayotoka sana ni ya Kiigbo, muvi za Kinaijeria hizo, maana huku Area C na Chang'ombe akina Chioma wamejaa mpaka basi. Mi nilifuata vya mapacha wa wifi yangu, Nnamdi na Nkechi.

Printi sina neno. Elfu kumi na mbili kikombe, rangi imekolea, tunakisugua na stili waya na maandishi yapo vilevile.

Shida ni ile karatasi yao ya maana, imepigwa laminesheni ipo hapo kaunta. Karibu kila jina eti "baraka ya Mungu", wakati la baraka ni Ngozi, kama yule mama wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), Ngozi Okonjo-Iweala. Chidi ni Mungu yupo, Chinedu ni Mungu anaongoza, Ifeoma ni kitu kizuri wala Mungu hajatajwa hapo. Nkechi walipatia, ni kifupi cha Nkechinyere, alichotoa Mungu. Ila Nnamdi wameandika "mtoto shujaa", jamani! Nnamdi ni baba yangu yu hai, anapewa mtoto wa kiume ikiaminika babu aliyefariki karudi kupitia kwake, na huyu wetu kazaliwa baba mkwe ndo katoka kuzikwa Mpwapwa, wifi kalitaka jina kwa sababu hiyo hiyo, sasa ushujaa unaingiaje? Yule binti akanijibu "aa anti, sisi tumeitoa gugo hiyo", ila hakubisha, akachapa kingine palepale bila hela ya ziada, hapo nawapa maua yao.

Vichekesho zaidi, Onwubiko wameliweka kwenye vikombe vya besdei, na lile ni mtu anakibembeleza kifo, kifo tafadhali, yani kwetu ungekuwa ukoo wa akina Shida na Tabu. Halafu Okeke, Okafor na Okonkwo wameacha wazi bila maana, na utamu wote uko hapo: Waigbo wana siku nne za soko, Eke, Orie, Afor na Nkwo, Okeke kazaliwa Eke, Okafor kazaliwa Afor, Okonkwo kazaliwa Nkwo, ni akina Jumanne na Mwajuma watupu wale! Wangeandika hivyo wangeuza hadi kwa wazee.

Kingine, Kiigbo kina herufi zenye nukta chini, Ifeọma kwa mfano, mashine yao inatoa kiboksi. Waambie waandike bila nukta, Wanaijeria wenyewe wengi wanaandika hivyo.

Nyota tatu na nusu. Nendeni na maana yenu mmeiandika kwenye simu, na fulana achaneni nazo, kitambaa chepesi unaona hadi upande wa pili.