Parachuti au utepe: roketi yako ishuke na nini?

Injini ya baruti yenye alama C6-5 huisukuma roketi ya mfano, ile ndogo ya kujiundia, huzima, kisha hupita kama sekunde 5 kabla ya mlipuko mdogo kuisukuma pua (ncha ya mbele) itoke pamoja na kifaa cha kushukia, yaani parachuti au utepe. Hapo ndipo uamuzi uliofanya mezani huonekana.

Parachuti ya plastiki huishusha roketi taratibu, na yale mapezi ya balsa (mbao nyepesi) uliyoyapiga msasa na kuyapaka rangi siku kadhaa hubaki mazima. Adui yake ni upepo. Roketi nyepesi ikifungukia mita 200 juu, hupeperushwa mbali mno. Nimeshaacha moja juu ya mti, na bado inaniuma. Tena ina kazi: ipake poda isigande, na tanguliza karatasi isiyoshika moto, la sivyo gesi ya moto ya ule mlipuko itaiyeyusha parachuti.

Utepe hushuka kwa kasi zaidi, ukipepea na kuonekana vizuri. Kwa roketi ndogo kwenye uwanja mdogo, nauchagua bila kusita. Kwa roketi nzito, hapana, pezi litavunjika. Hapo chukua parachuti, uitoboe tundu katikati ishuke upesi kidogo bila kuyumba sana.