Haller Park, Bamburi: nyota tano kwa jongoo, mbili kwa gari

Nianze na gari nilitoe moyoni. Tulikodi basi la viti 33 (kampuni siitaji, wenyewe wanajijua) lituchukue shuleni Kisauni saa mbili asubuhi. Lilifika saa tatu na dakika arubaini, viti viwili havina mito, na kondakta anashuka anatafuna muguka akiniambia, "Jam ya Nyali, mwalimu." Jumamosi hiyo! Nyota mbili nimetoa kwa sababu breki zilishika.

Bustani yenyewe, ya wanyama na msitu hapa Mombasa, ni habari nyingine. Tuliwahi kulisha twiga kwa saa tano kwa kukimbia, na watoto wangu wa kidato cha nne, hawa wanaojiona watu wazima, walipolambwa viganja na ule ulimi mweusi walipiga mayowe kama wa chekechea. Kobe wakubwa wapo, mamba wapo, na habari za Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Disemba 2004 akamganda kobe Mzee kama mamake, mnazijua, sitazirudia.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya jongoo.

Nasomesha Jiografia. Silabasi ikifika uokoaji wa ardhi inatupeleka kinamasi cha Yala na polda za Uholanzi, ardhi waliyoinyang'anya bahari, na mtoto wa Kisauni anakariri mabwawa ya Wazungu ilhali ng'ambo ya barabara ya Malindi ana mfano anaoweza kuukanyaga. Hapa palikuwa timbo. Kiwanda cha simenti kilianza kazi 1954, wakakata mawe ya matumbawe mpaka wakakaribia maji ya chini, yenye chumvi. Kilichobaki ni sakafu nyeupe ya mwamba inayochoma macho. Matimbo ya namna hiyo tunayo mengi huku kwetu. Mvua ikinyesha yanakuwa madimbwi, na kila mtaa una mama anayekataza wanawe kwenda kuogelea.

Mwaka 1971 Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni, akaanza kupanda. Alijaribu aina 26 za miti. Iliyosimama ni mitatu: mnazi, mti mmoja wa upande wa Somalia uitwao Konokapasi, na mvinje. Aina 23 zilikufa, na ndiyo sehemu niliyowasimamisha watoto niwasomeshe, maana kwenye picha za watalii haionekani.

Mvinje ulishika kwa sababu hauhangaishwi sana na chumvi, na mizizi yake inakaa na bakteria wanaouchotea naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo haungoji udongo wenye rutuba. Tabu ikaja kwenye majani yake, zile sindano. Yana tanini nyingi, ile kemikali ya ukakasi, yakianguka hayaozi. Yalirundikana tu kama mazulia, na pasipo kuoza hapana udongo. Dawa ikawa jongoo, wale weusi wenye miguu myekundu. Wakaokotwa, wakaletwa chini ya mivinje, wakala. Wahenga wetu wanasema mtupe jongoo na mti wake. Bamburi walimfuata jongoo wakamleta kwenye mti.

Kiongozi wetu, kijana mpole, aliinama pembeni mwa njia akafunua sindano kwa kidole. Juu kavu, rangi ya kutu. Chini yake nyevu, halafu weusi kama masalia ya kahawa, vidonge vidogo vidogo. "Mnajua hii ni nini?" Kimya. "Kinyesi cha jongoo." Wasichana wakaruka nyuma. Akawa anavisugua kwa vidole mpaka vikawa vumbi jeusi, akatunusisha, na wallahi yalinuka kama shamba baada ya mvua. Alipochimba zaidi, kucha ikagonga jiwe jeupe. Msitu wote ule, miti mirefu kuliko mabweni yetu, umesimama juu ya udongo usiofika urefu wa kidole chake.

Hapo ndipo msichana mmoja, ambaye nyanya yake anaishi Kitui upande wa Mui, kulikogunduliwa makaa ya mawe, akauliza, "Mwalimu, makaa ya mawe yakichimbwa kwetu, si tutapanda mivinje tu?"

Swali zuri, nikalijibu kwa ndimu. Nilikuwa nayo mkobani kwa ajili ya mihogo ya kukaanga. Kijiwe tuliokota njiani kabla ya lango. Nikakikwaruza kwa ufunguo kikatoa unga, nikakamulia. Ukachemka, tiii, povu jembamba. Jiwe letu ni la chokaa, nikawaambia, na chokaa huua tindikali. Makaa ya mawe yana mambo mengine. Mara nyingi miamba inayoyazunguka imebeba pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini imelala. Ukiifukua ikakutana na hewa na maji inazaa tindikali, na hiyo inayeyusha vyuma na kuviteremsha mtoni. Wenye migodi wanatibu maji hayo kwa mawe ya chokaa. Yaani jiwe lililomtesa Haller ndilo wenzake wanalonunua kama dawa! Mzizi uliozoea Bamburi hauna ahadi yoyote Kitui, kwenye ukame ule na mwamba ule. Huko nako kuna aina 26 zao za kujaribu, na atakayelipia zile 23 zitakazokufa ndilo swali langu.

Hapa alilipa mwenye kiwanda, na subira yake naiheshimu. Kwenye makaa sitaki tumngoje mwenye mgodi apate mtu kama Haller kwa bahati. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inataka dhamana ya mazingira, yaani pesa anazoweka mwenye mgodi, na mpango wa kurudisha ardhi, na mrabaha, malipo ya madini yanayochimbwa, inaugawa: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Vizuri. Lakini dhamana ni ya kufukia shimo. Kujua upande nini juu yake ni utafiti, na utafiti unataka fungu la serikali sasa, makaa yakiwa bado chini, miche ipate miaka yake ya kufa. Tulishaona Lamu: mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kazi ya kuuliza ilitakiwa ifanywe mwanzo.

Marekani, kwa sheria ya 1977, walianza kutoza senti 35 kwa kila tani ya makaa ya migodi ya wazi, pesa za kutengenezea mashimo yaliyotelekezwa. Nikawasifia watoto jambo hilo, kisha nikawapa na la pili wasije wakadhani huko ni peponi: Agosti 2017 wizara yao ya mambo ya ndani ya nchi, inayosimamia ardhi na madini, ilisimamisha utafiti wa zaidi ya dola milioni moja uliokuwa ukiangalia afya za watu wanaoishi karibu na migodi ya wazi kule kwenye milima ya Appalachia, utafiti ambao jimbo la West Virginia lenyewe liliuomba. Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kumbe na wao!" Kicheko.

Haya, ya msafara. Vaeni viatu vya kufunika, chukueni maji, na mkiwa shule andikeni barua mapema. Kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Matatu za Mtwapa zinakushusha barabarani, huhitaji basi la kukodi, na laiti ningelijua nisingelingoja saa ile nzima na ushei. Usikubali watoto wapite mbio kwenda kwa mamba. Waambie wainame pale penye mivinje wafunue sindano wenyewe kwa ruhusa ya kiongozi. Na ndimu chukua mbili. Moja wataimaliza kwa chumvi kabla hamjafika kwenye jiwe.